Kwaya ya Watu Watanowatano

Mwaka ule état de siège, hali ya hatari, ilipotangazwa kwetu Kivu Kaskazini na wanajeshi wakachukua utawala, Kapiteni Honoré alipiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu watano mjini Kitshanga. Zilibaki wiki mbili kufika Pentekoste, na kwaya ya Mama Kasoki, muuza vitenge kutoka Butembo, ilikuwa na waimbaji ishirini na watano.

Mama Kasoki alikwenda kambini na Papa Élysée, mwalimu mstaafu aliyetembea na katiba mfukoni.

"Soma kifungu cha sitini na moja, Kapiteni," alisema Papa Élysée. "Hata wakati wa état de siège, uhuru wa dini hauguswi."

"Ndiyo, njo vile. Aminini, ombeni, nani anawakataza? Mimi nazuia mukusanyiko tu. Huo, katiba inaruhusu kuupunguza. Na ngoma yenu! Juzi askari wangu wawili waliisikia, wakazani ni masasi, wakaingia chini ya gari."

"Lakini kupunguza haki kunataka sababu."

"Sababu iko chini ya gari, Papa."

Njiani Mama Kasoki aliwahesabu waimbaji wake kwa vidole. Kesho yake mchana, waimbaji watano walisimama mbele ya duka lake, watano kwa kinyozi, watano kwenye viazi, na wengine vivyo hivyo hadi mwisho wa soko. Wakaimba. Soprano walifika "amina" wakati besi, kule mbali, wangali ubeti wa kwanza. Ng'ombe waliokuwa wakipita walisimama katikati ya barabara. Pikipiki zikapiga honi.

Kapiteni alikuja mbio, akahesabu: watano, watano, watano. Amri haikuvunjwa. Lakini masikio yake yalishindwa kuvumilia.

"Besi! Munachelewa!" Akapanda juu ya kreti ya bia, akainua fimbo, akawaongoza.

Hapo gari la kanali wake kutoka kambi ya Mubambiro likakwama nyuma ya ng'ombe.

"Kapiteni, huu mukutano ni wa nini?"

"Hapana mukutano, mon colonel. Niko naongoza magari."

Kanali alisikiliza kidogo. "Basi ongoza vizuri. Sauti ya alto iko chini."

Kabla jua halijazama karatasi ya Kapiteni ilitoka: kwaya inaruhusiwa kufanya mazoezi na ibada kanisani, mchana, kwa kuwa amri ya watu watano imeziba barabara zaidi kuliko kwaya yenyewe.

Siku ya Pentekoste Kapiteni alisimama na besi. Kanzu aliyopewa na Mama Kasoki ilimfika magotini, na chini yake buti za jeshi ziling'aa mbele ya waumini wote.