Mpima Damu Mwenye Adabu

Kazi yangu ni kuwachukua waendesha baiskeli wa mashindano damu na mkojo, na mtaani kwetu wananiita Bwana Chupa. Nimeshazoea. Shemeji yangu, kila nikialikwa kwake, lazima aulize mbele ya wageni kama nimenawa mikono. Nacheka nao, maana ukianza kukasirikia utani wa shemeji utakasirika mpaka unaingia kaburini. Lakini siku ile fundi cherehani aliponipigia simu akaniomba nipite dukani kwake, sikuwa na hamu ya kucheka na mtu. Mwanawe alikuwa na miezi mitatu tangu azikwe.

Huyo mwanawe alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Wenzake walimwita Njiti, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa akiwaka milimani wengine wakiishiwa pumzi. Alikwenda kulala mzima, asubuhi hakuamka. Miaka ishirini na saba. Madaktari waliandika kwamba moyo ulisimama, jambo ambalo hata mchimba kaburi angeweza kuliandika.

Nilimpima Njiti mara thelathini na saba. Mara nyingi nilimfuata nyumbani, kwa sababu sheria inataka tuwatokee waendeshaji bila taarifa, katika saa ambayo wenyewe wameandika kwamba watakuwepo. Kwao ni juu ya duka la baba yake. Chini kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na sare za shule zilizotundikwa ukutani hadi juu; nyuma ya pazia kuna ngazi ya kupandia vyumbani. Kiti cha mbao kando ya mlango kilikuwa kama changu.

"Karibu, daktari," fundi alisema, akainuka na futi yake shingoni. "Karibu kiti."

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, ila fundi humwita daktari kila mwenye sindano. Zamani alikuwa akiongeza kwamba hata yeye ana sindano, lakini yake haimlizi mtu. Siku ile hakuongeza kitu. Alikuwa amekonda, na shati lake, yeye fundi mwenyewe, lilikosa kifungo.

Alisukuma kando vitambaa vilivyokuwa mezani, akaweka faili la kijani. Ndani mlikuwa na majibu ya vipimo vya Njiti, yote thelathini na saba, yamepangwa kwa tarehe. Kila karatasi ilikuwa na saini yangu, na kila karatasi iliishia na maneno yaleyale: hakuna kilichoonekana.

"Nimezisoma zote," alisema. "Sasa nataka nisikie kwa kinywa chako. Mwanangu alikuwa anatumia dawa?"

"Fundi, sikuwahi kumkuta na kitu."

"Sikukuuliza hilo."

Watu hudhani "hakuna" na "hakuna kilichoonekana" ni kitu kimoja. Sisi tunaopima tunajua si kimoja, lakini hatusemi, kwa sababu tukisema tutaambiwa basi mnalipwa kwa kazi gani.

"Nitakwambia kwa nini nauliza," aliendelea. "Ile timu yake imemtaka dada yake. Umemwona anavyoendesha, anamshinda hata kaka yake alipokuwa na umri wake. Amenipigia, anasema, baba, nasubiri neno lako. Bila ridhaa yako sitii saini. Sasa mimi nitoe neno gani? Kama moyo wa mwanangu ulisimama kwa amri ya Mungu, mtoto aende, siwezi kumfungia ndani. Kama ulisimamishwa na watu, haendi. Nitalala mlangoni aniruke."

"Daktari wa timu ni yuleyule wa wakati wa Njiti?"

"Yuleyule. Mazishini alilia kuliko mimi."

Sikulipenda hilo, lakini machozi ya mtu si ushahidi. Nilianza kumweleza habari za vipimo, kwamba vina mipaka, kwamba damu hubadilika. Fundi alinikata kauli.

"Daktari, mimi mtoto wangu namjua. Mtoto mwenye kuficha jambo anamkwepa mpimaji. Huyu alikuheshimu. Ndiye aliyeniusia, baba, yule mzee akija usimpandishe juu haraka haraka kama mgambo. Mkaribishe, msalimie vizuri, mwulize habari za kwake, ndipo uniite. Sasa huyo ni mtu mwenye hatia?"

Nilitazama pazia la ngazi.

"Alikuusia lini?"

"Tangu alipoingia timu hiyo. Ukigonga tu, ananiambia kwa simu, baba, mgeni huyo." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Na mimi nilimtii. Sikukukirimu?"

Alinikirimu. Kila nilipofika nilibisha hodi, nikangoja karibu. Nikaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mgongo wangu unaouma, nami nikauliza za kwake, za cherehani iliyokuwa ikikata nyuzi, za binti yake na masomo. Nikaletewa chai. Mara moja alinipima suruali kabisa, kiuno, paja, urefu, tukabishana kama nimenenepa. Ndipo akaita juu, na Njiti akashuka ngazi akitabasamu, shikamoo mzee, mkono wa shati keshaukunja.

Kitabu chetu cha kazi kinasema wazi: ukifika, mwone mchezaji kwa macho yako kabla ya neno lolote, na ukishamwona asitoke machoni pako. Vijana wa ofisini wanakifuata. Wanaingia kwenye nyumba za watu kama wanazima moto. Mimi nilikuwa nasema sheria hiyo imeandikwa na watu wasiofundwa kwao, na nilisema kwa sauti, nikijisifu. Miaka kumi na sita nimejisifu.

Ningeweza kuaga. Ningeweza kusema mwanao alikuwa safi, nikainuka nikaenda zangu. Lakini nilimkumbuka yule binti.

"Fundi," nilisema, "zipo dawa zinazoongeza damu. Damu ikiwa nzito, mtu anapanda mlima kama anashuka. Mashine yetu inauona ule uzito. Lakini ukimtundikia mtu dripu ya maji ya chumvi, damu inarudi nyepesi, mashine haioni kitu. Halafu maji yanatoka mwilini, na damu inarudi kuwa nzito kama uji. Moyo wa mtu aliyelala hauwezi kuisukuma."

"Dripu inachukua muda gani?"

"Dakika ishirini hivi."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akihesabu, macho yakienda kwenye kiti changu, kisha kwenye birika, kisha kwenye pazia la ngazi. Aliposhika ukingo wa meza nilijua amefika.

"Nilikuwa nakukaribisha," alisema.

"Nami nilikuwa nakaa. Kosa ni langu, fundi. Wewe hukuwa na kitabu. Mimi nilikuwa nacho."

"Unasema uongo." Sauti yake ilipanda. "Juu kulikuwa na dada yake! Alikuwa chumba cha pili, anasoma. Angeona. Angeniambia."

Kabla sijamzuia alikwishachukua simu, akampigia binti yake, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Binti alipokea akihema. Nadhani alikuwa ametoka kufanya mazoezi. Alianza kumwamkia baba yake. Fundi hakuitikia.

"Kaka yako alikuwa anatundikiwa dripu humu ndani?"

Tulisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani.

"Nani kakwambia, baba?"

"Nijibu!"

"Mimi ndiye nilikuwa namshikia ule mfuko wa maji," binti alisema. Alikuwa ameshaanza kulia. "Nilikuwa nasimama juu ya kitanda ili uwe juu. Aliniambia ni maji tu, baba. Na kweli yalikuwa maji."

Fundi alikaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa juu ya rundo la sare zilizokwisha kupigwa pasi. Hakupiga kelele tena. Alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe uji, "Basi mwanangu, huendi. Rudi nyumbani."

"Nimeshatia saini, baba. Wiki iliyopita."

"Ulisema unangoja neno langu."

"Nilikuwa nangoja ukubali ili nisiwe nimekudanganya." Akavuta kamasi. "Kaka walimkosea kipimo cha dawa. Daktari ameniapia kwangu atakuwa mwangalifu. Na mimi sijui kazi nyingine, baba. Bila hizo nitamaliza wa mwisho, nirudi kushona vifungo."

"Yupo hapa mzee aliyekuwa akimpima kaka yako," fundi alisema. "Msikilize yeye."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Samahani kwa swali. Ulimpima kaka mara ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Ukaona nini?"

Fundi alinishika mkono wa shati, akaniinamia sikioni. Huyu ndiye aliyeniita nije nimwambie kwamba mwanawe hakuwa na kitu. "Sema uliona," alininong'oneza. "Hata mara moja. Mwambie mashine iliona, aogope. Nakuomba, daktari."

Nilikuwa sijawahi kudanganya kuhusu jibu la kipimo, hata kwa mzaha. Nilisema, "Niliona. Mara moja niliona, tukaficha."

Fundi alifumba macho.

"Mwezi gani?" binti aliuliza.

Sikuwa nimejiandaa. Nikataja mwezi wa tano wa mwaka uliopita, kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwa juu ya faili.

Tukasikia anabonyeza simu. "Majibu yote ninayo, mzee, kaka alinitumia. Hii hapa ya mwezi wa tano. Hakuna kilichoonekana, na saini ni yako." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningepata nafuu. "Najua unamsaidia baba. Asante. Mwambie asihangaike, hata kwangu mimi hamtaona kitu."

Akakata simu. Fundi alimpigia tena, na tena. Mara ya nne simu ilikuwa imezimwa, naye akaendelea kupiga, nami nikabaki nimekaa pale kwenye kiti changu.