Kifungu cha Tatu

Mama Micheline aliuliza nani anapinga, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Walipiga kwa nguvu na kwa mpigo mmoja, wazee ishirini na mmoja waliokaa kwenye mabenchi ya parokia, kama walivyokuwa wakipiga uwanjani kila walipokusanywa kumpokea mkubwa kutoka Kinshasa. Hakuna aliyekuwa amefikiri. Mikono ilikuwa imezoea: mtu akimaliza kusoma karatasi mbele ya umati na kuuliza swali, jibu ni makofi. Mama Micheline, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, aliiweka karatasi yake mezani, akavua miwani, akangoja hadi kofi la mwisho lilipozimika.

"Bon," alisema. "Nimeuliza nani anapinga. Donc ninyi wote munapinga?"

"Hapana! Tunakubali!" aliitikia Madina kutoka benchi la nyuma. Alikuwa muuza chumvi wa soko kuu, na ulimi wake ulijulikana kuliko chumvi yake.

"Lakini sijauliza nani anakubali."

"Mama, utusamehe. Kuuliza nani anapinga, hiyo hatujawahi kuisikia tangu tuzaliwe. Mikono ikafanya kazi yake."

Kicheko kiliwapita wote. Wenceslas, nahodha mstaafu wa kivuko, alicheka pia, kisha akaacha, maana alikumbuka kwamba naye alikuwa amepiga makofi, na kifungu chenyewe kilichosomwa hakukisikia.

Wakati huo mjini Kisangani kulikuwa na habari kwamba kule Kinshasa wanaandaa sheria mpya ya familia. Mama Micheline alikuwa ameona sheria nyingi zikifika mahakamani zikiwa zimekwisha kukauka, na safari hii alitaka wazee wa mtaa wake waseme jambo kabla wino haujashika. Lakini watu hawawezi kuomba wasichokijua. Kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi aliwafundisha kwa kuigiza bunge: jinsi pendekezo linavyoletwa, linavyosomwa mara mbili, linavyotetewa na kupingwa, linavyorekebishwa neno kwa neno. Mwishoni wangeandika barua kwa mbunge wao, ambaye enzi hizo aliitwa kamishna wa wananchi. Mkuu wa Chama wa mtaa aliwaruhusu kwa sharti kwamba waanze na wimbo wa Chama na wasizungumze siasa. Waliuimba wimbo. Kuhusu siasa, Mama Micheline alimwambia kwamba wao wanazungumza habari za ndoa na misiba tu, na mkuu akaridhika.

Baada ya aibu ile ya makofi, Mama Micheline alileta chungu na kukiweka nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba. Anayekubali adondoshe kokwa ya mchikichi, anayekataa adondoshe punje ya mahindi. Tena akapiga marufuku kusema ovyo. Atakaye kusema ainue mkono, angoje mpaka mwenyekiti amtaje. Hilo liliwatesa wazee zaidi ya yote. Madina alisema amezaa watoto tisa bila kuomba ruhusa ya mtu, na sasa hawezi kukohoa.

Nani atetee kifungu gani, waliamua kwa kura ya vikaratasi. Wenceslas alifungua chake akasoma: *Kifungu cha tatu. Mwanamke aliyefiwa na mume asitolewe katika nyumba waliyoishi pamoja.*

Alikisoma mara mbili, akaenda mezani.

"Mama, unipe kingine."

"Kwa nini, Papa?"

Hakusema kwamba mdogo wake, Célestin, alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita. Hakusema kwamba Jumapili ya pili kuanzia siku hiyo ukoo ungekutana kuondoa matanga, na kwamba nyumba ya marehemu huko Mangobo ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe katika minong'ono: mpwa wao Sébastien, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuweka mke mpya. Wenceslas ndiye aliyekuwa mkubwa wa tumbo lao, na minong'ono ile ilipita mbele yake bila yeye kuizuia.

"Sauti yangu si nzuri," alijibu.

"Sauti gani si nzuri?" Madina alidakia. "Si ndiyo hii ulikuwa unaitia watu kwenye bac ya Lubunga? Miaka thelathini tuliisikia mpaka sokoni!"

Basi akakichukua.

Alikuwa mtu wa kufanya mambo hatua kwa hatua. Alipokuwa nahodha wa kivuko hicho hakuondoka ukingoni kabla hajaukagua mnyororo kwa mkono wake mwenyewe, hata abiria wapige kelele namna gani. Hotuba hii nayo aliikagua hivyo. Aliandika sentensi, akailaza siku nzima, kesho yake akaisoma tena. Na kila alipotafuta mfano, mfano uliokuja ulikuwa mmoja. Alimwona Angélique, mke wa Célestin, mwaka ule waliojenga, akipanda kutoka mtoni na beseni la mchanga kichwani, maji yakimchuruzika mabegani, safari baada ya safari, wakati wanaume wakibishana juu ya upana wa mlango. Aliyaandika hayo. Jina hakuliandika.

Alhamisi iliyofuata alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Wabunge," alisema, na hakuna aliyecheka. "Mimi namjua mwanamke mmoja. Ukuta wa nyumba yake una mchanga alioubeba kwa kichwa chake. Mume amekufa. Kesho watakuja watu wamwambie: toka, hii ni nyumba ya ndugu yetu. Mimi nauliza: watautoa kwanza ule mchanga, wamrudishie? Au watamtoa yeye, mchanga wake ubaki?"

Aliendelea kwa muda mfupi tu. Alipoketi, mikono kadhaa ilianza kukutana, ikakumbuka, ikarudi mapajani. Wazee walipita mmoja mmoja nyuma ya kitenge. Chungu kilipomwagwa mezani, kokwa zilikuwa kumi na nane, na punje za mahindi tatu.

"Kumbe uko na mdomo!" Madina alimwambia. "Sisi tulifikiri unavuta pumzi tu."

Hapo ndipo Wenceslas alipomwona Angélique. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, na pondu ya majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa, kama alivyomletea shemeji yake mara moja moja tangu msiba. Macho yake yalionyesha kwamba hakufika sasa hivi.

Walitoka hadi uani. Angélique alimpa sufuria kwa mikono miwili.

"Papa, nimesikia yote," alisema polepole. "Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo. Wifi zangu waliniambia nisingoje kuaibishwa. Lakini kama wewe, mkubwa wao, ndiyo unasema vile mbele ya watu..." Aliinama, akapangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Donc nifungue mizigo?"

Wenceslas angeweza kumwambia kwamba lilikuwa somo tu. Angeweza kumwambia kwamba kama kikaratasi kingempa kifungu cha nne, angetetea cha nne. Lakini kifua chake kilikuwa bado na joto la kokwa kumi na nane, na mbele yake alisimama mtu aliyemtazama kama hakuna aliyepata kumtazama tangu astaafu.

"Fungua," alisema.

Jumapili ukoo ulikaa katika ua wa Célestin, wengine wakiwa wametoka mbali, Isangi na Yanonge. Walikula samaki, wakaomba, wakavua vitambaa vyeusi. Kisha Tonton Nicolas, ndugu mdogo wa baba yao, mzee mwenye sauti laini isiyopingika, alikohoa kidogo, na mazungumzo yakakatika.

"Wanangu, tusichoshane. Mtoto wetu ametutoka. Hakuacha mtoto. Mke wake ametutunzia mgonjwa vizuri, Mungu amlipe, na ana kwao. Nyumba isikae bila mwanamume. Tumefikiri iende kwa Sébastien."

Wenceslas aliinua mkono.

Aliuinua wima, kiwiko kimenyooka, kama alivyofundishwa, akangoja. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa kwa mstari: mchanga, beseni, ukuta. Alimtazama Tonton Nicolas akingoja kutajwa. Lakini katika ukoo wao hakuna aliyepata kuomba nafasi kwa mkono. Anayetaka kusema husema. Tonton Nicolas alikuwa akitazama upande wa Sébastien. Dada yao alidhani Wenceslas anaomba maji, akamwashiria binti mmoja, na kikombe kikaletwa, kikawekwa mbele yake. Mkono ulibaki juu. Angélique alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Aliuona, akaacha kufuta sahani.

"Basi tumekubaliana?" aliuliza Tonton Nicolas.

Makofi yakapigwa. Hayakuwa ya furaha, wala hayakuwa mengi, lakini yalitosha. Yalipokwisha watu walianza kusimama, kutafuta viatu, kuita watoto. Wenceslas alishusha mkono akaushika kwa mkono wa pili.

Siku mbili hizo alijitetea moyoni mwake kwa utaratibu uleule aliokuwa nao katika kila kitu. Hakutajwa. Angesema, lakini mwenyekiti hakumpa nafasi. Jumanne alfajiri, akiwa ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, aliacha wembe hewani. Hakukuwa na mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa amemziba mdomo. Sauti ile ile iliyokuwa ikivuka mto mzima ilikuwa kooni mwake, nzima, naye aliungoja ukoo umruhusu kuitumia kwa sababu alijua hautamruhusu.

Jumatano alimbebea Angélique mzigo hadi ukingoni, ilipokuwa ikipakia baleinière, mashua ya mbao yenye injini, iliyokuwa ikiteremka hadi Barumbu kwa ndugu zake. Kulikuwa na magunia, kuku, mama mmoja aliyekuwa akigombana na baharia juu ya nafasi ya godoro lake. Wenceslas aliuliza kama amechukua maji ya kunywa.

"Nimechukua."

"Utafika kesho kutwa."

"Kama mashine haitakufa."

Angélique alipanda, akaketi juu ya mzigo wake. Kisha akamgeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilimwumiza zaidi.

"Papa, siku ile ulisema vizuri sana. Mimi nauliza tu. Kule ukumbini, ulikuwa unasema na nani?"

Baharia alisukuma chombo kwa mti mrefu, injini ikakohoa.

Kesho yake ilikuwa siku ya barua. Mama Micheline aliisoma yote kwa sauti: salamu, sababu, vifungu vitano. Alipofika cha tatu alisimama.

"Hapa pana upungufu," alisema. "Mkubwa akisoma maneno matupu atageuza ukurasa. Tunataka mutu. Mutu wa kweli, na jambo lililompata. Papa Wenceslas, yule mwanamke wa hotuba yako, yuko?"

Wenceslas alisimama bila kuomba nafasi.

"Yuko. Anaitwa Angélique. Ni mjane wa mdogo wangu, Célestin. Jumapili tumemtoa katika nyumba yake ya Mangobo, jana ameondoka. Mimi ndiye mkubwa wa tumbo letu. Nilikuwapo, na sikusema neno."

Mama Micheline aliinua kalamu.

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo. Jina langu pia."

Kalamu ilikimbia, kisha ikasita.

"Angélique hawatalipokea. Unajua, hii ni karatasi ya serikali, majina ya ubatizo yamekatazwa. Yenu ya kwenu nayajua, nipe jina lake la kwao."

Wenceslas alifungua kinywa. Majina ya ubatizo yalikuwa yameendelea kuishi majumbani, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwita kwa lile la ubatizo, au mke wa Célestin, au shemeji. Alikuwa amekula chakula chake Jumapili ngapi? Aliirudisha akilini siku ya mahari: baba wa Angélique, mtu mfupi mwenye kovu shingoni, alisimama kati ya pande mbili akamshika binti yake mkono na kulitamka jina lake la kwao wazi, polepole, ili watu wa upande wa pili walichukue. Aliikumbuka sauti. Alilikumbuka kovu. Jina lenyewe halikuja: yeye wakati huo alikuwa akicheka na jirani yake.

Nje mtu alikuwa akifagia ngazi za kanisa.

"Acha nafasi," alisema.

Mama Micheline alipima kwa jicho, akaacha upana wa vidole vitatu, kisha akaendelea kuandika.