Usukani Unaorudi

Fundi alipima njia ya shafti ya usukani kwa mpini wa fagio. Injini mpya ilikuwa pana kuliko ile ambayo gari lilizaliwa nayo, na bomba la moshi lilikaa palepale ilipokuwa ikipita shafti ya zamani. Ilibidi shafti mpya ipinde mara mbili kwa jointi na kushikiliwa katikati kwa bearingi. Alikata chuma, akachomelea, akahakikisha jointi zinatazamana, kwa sababu zisipotazamana usukani huwa mzito na mwepesi kwa zamu.

Mwenye gari alisimama pembeni na shati lake lililonyooshwa. Gari lilikuwa la marehemu kaka yake. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya marehemu kaka yake. Alihamia wiki ya msiba ili kusaidia, na kusaidia kukanoga. Mjane sasa alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la kufulia nguo. Watu walilijua hilo, na bwana huyo walimsalimia vizuri tu.

"Fundi, mimi sina makuu," alisema. "Nataka usukani unaorudi. Nikikata kona nikauachia, urudi wenyewe."

"Utarudi, bosi."

Ukarudi. Kwenye kona ya kwanza aliuachia, nao ukazunguka taratibu, gari likapita soko, likapita kituo cha polisi, likakata kushoto penye duka la kufulia na kusimama mlangoni kwa mjane. Injini ikazima. Mjane alitoka na ndoo ya nguo, akamkaribisha, akampa maji. Alipomaliza kunywa, injini ikawaka.

Kesho yake ikawa vilevile. Fundi alitandika kadibodi chini ya gari, akakagua. Bolti zimekaza, tairi zina upepo, jointi zinatazamana. Akahamisha shafti jino moja, maana jino moja likikosewa usukani hukaa upande. Safari hiyo gari lilifika kwa mjane likiwa limenyooka zaidi.

"Sasa kosa liko wapi?" mwenye gari aliuliza.

Fundi alifuta mikono. Alimhurumia mjane, na kidogo alimhurumia hata huyu, aliyekuwa akitokwa jasho kivulini.

"Uliniambia urudi, bosi. Hukuniambia wapi."

Siku ya tatu mjane alikuwa amesimama mlangoni tayari.

"Shikamoo, shemeji," mwenye gari alimsalimia.

"Marahaba. Nasikia usukani wako siku hizi unarudi."

"Unarudi, shemeji."

"Na nyumba yangu je?"

Mwenye gari alitazama dashibodi. Moyo ulimuuma kweli. Hakuwa mtu wa chuma.

"Tutazungumza," alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Huu mwaka wa tatu, shemeji."

"Tutazungumza."

Wote wamezoea. Mwenye gari hutoka dakika ishirini mapema ili asichelewe kazini. Mjane husogeza kamba ya nguo isikwaruze kioo. Gari husimama, wanasalimiana, anaulizwa, anasema watazungumza, injini inawaka. Jioni husimama tena. Kisha yeye huenda nyumbani, hukaa mezani, na hufunga yale mapazia mazito ambayo mjane aliyashona kwa mkono, kwa kuwa jua la magharibi humchoma machoni wakati wa kula.