Bonde Lililofungwa Fundo

Miezi minane Getruda na wanawake wenzake sita walizunguka mipaka ya kijiji chao, huko bondeni Kamsamba, daftari la shule mkononi. Waliwahoji wazee, wakahesabu chemchemi, wakaandika ni nani hufunga malisho na ni nani huyafungua. Hakuna aliyewatuma. Walitaka wajukuu wajue ardhi ilivyotunzwa kabla haijaanza kugombaniwa. Mwishoni wakachora ramani yao kwa kalamu za rangi.

Sehemu moja tu waliiacha nyeupe: bonde la chemchemi. Bibi Loisi, mwenye mamlaka ya kulifunga, alikuwa amefunga fundo la majani njiani, na penye fundo mtu hakanyagi, hagusi, wala hachori. Ardhi imelala, nani humchora mtu aliyelala?

Akaja Bwana Balthazar, mtaalamu wa mipango ya ardhi kutoka Tunduma, na gari jeupe na maneno ya asali. Akaiazima ile ramani. Getruda akampa kwa mikono miwili. Mikono miwili! Baadaye kila alipokumbuka alitamani kujizaba kofi.

Mtaalamu alirudi na ramani iliyochapwa, akaibandika ukutani mbele ya mkutano wa kijiji. Jina la Getruda halikuwemo, wala la mwenzake yeyote. Hilo angelimeza. Lakini pale peupe paliandikwa: ENEO LISILO NA MATUMIZI, APEWE MWEKEZAJI WA MPUNGA.

"Pale pana mwenyewe!" Getruda alisimama.

"Mama, ramani ni yenu. Ninyi wenyewe hamkuandika kitu."

"Tuliacha kwa heshima!"

"Heshima haina rangi kwenye ramani."

"Na chumba chako huko Tunduma, baba, mchana huu hakuna aliyelala humo. Tumgawie nani?"

Mkutano ukaangua kicheko. Balthazar hakucheka. Alibandua ramani ukutani, akaikunja pamoja na nakala zake, akasema mpango unafika wilayani leo, na ukishafika haubadiliki tena. Akaondoka bila kuaga.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo mweusi wa Kamsamba haumwonei mtu haya. Gari halijafika mbali likazama hadi tumboni. Dereva akaomba watu wasukume. Vijana walikwisha kukunja suruali wakati Bibi Loisi alipofika akijikongoja, akang'oa majani kando ya njia, akayafunga fundo kwenye kitasa cha mlango wa gari. Wote wakarudi nyuma.

"Limefungwa," alisema. "Nalo lipumzike."

Balthazar alilikata fundo akalitupa matopeni. Hakuna aliyesogea, kwani aliyefunga ndiye afunguaye. Akabembeleza. Akatishia polisi, lakini simu haikushika mtandao. Jua likazidi kuwaka, shati likamganda mgongoni.

"Mnataka nini?" aliuliza hatimaye.

Getruda akamnyooshea kalamu, kwa mkono mmoja.

Mtaalamu aliiweka ramani juu ya boneti, akayakata maneno yake, akaandika kama alivyotajiwa: LINAPUMZIKA. MWENYE KULIFUNGUA NI LOISI. Akatia saini. Vijana wakamtazama Bibi Loisi, tayari kusukuma.

"Bado," Getruda alisema. "Nakala ziko tatu. Safari hii nimehesabu."