Sahani za Raundi ya Saba

Jeni ile niliiandika upya kwa miezi minne, neno kwa neno, na asiniambie mtu kwamba kazi ya kompyuta si kazi. Ilitoka kwa bakteria wa udongo mwenye kimeng'enya kinachovunja rangi za viwanda vya nguo. Nilitaka kuihamishia kwa sianobakteria, wale viumbe wa kijani wanaoishi kwa mwanga na maji. Tatizo ni kwamba wao husoma jeni kwa mazoea yao, na wakikuta maneno wasiyoyazoea hukwama. Nikayabadilisha yote, maana ikabaki ileile.

Kimeng'enya hakikutokea. Nilipima mara tatu, na mara tatu rangi nyekundu niliyoitia ili ivunjwe ikanikodolea macho bila kufifia. Bosi akaniambia kwa upole unaouma kwamba Ijumaa saa sita mchana mradi utafungwa, na mkataba wangu pamoja nao. Mke wangu akaanza kuulizia kama kaka yake bado anatafuta mtu wa dukani.

Mchawi wangu nilishampata. Alikuwa Shangazi, ndivyo sote tulivyomwita fundi wa maabara, mama mtu mzima aliyezilea chupa zetu chini ya taa. Jumatatu nilimshutumu mbele ya watu kwamba amechanganya chupa. Alivua glavu akaenda zake.

Alhamisi asubuhi akaniita chumba cha taa. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na sahani saba, kila moja na tarehe yake, wiki baada ya wiki. Akaniuliza viumbe wangu niliwahamisha mara ngapi kwenye sahani za dawa, ile inayoua wasiobeba jeni mpya. Mara mbili, nikasema, kama kawaida. Kawaida ya bakteria wangu wa chuoni, ambao mara mbili huwatosha.

"Hawa kila seli ina nakala kumi na zaidi za jeni zake zote, baba," alisema. "Wewe ulibadilisha mbili tatu ukawatoa kwenye dawa, za zamani zikajaa tena. Mimi nimewahamisha mpaka za zamani zikaisha."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Tulipasua seli za sahani ya saba, tukachuja maji yake, tukatia rangi. Mimi nilizunguka meza, yeye alikaa. Robo saa haikuisha, wekundu ukafifia, kisha ukatoweka kabisa. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni haya kusema. Jeni yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Jumatatu nilikuja na sahani mkononi nikueleze," alisema. "Ukaniwahi."

Bosi alipoingia na wenzetu nyuma yake, nikawaambia wote kwamba aliyekosea ni mimi, na aliyeuokoa mradi ni huyu. Nikamwomba Shangazi msamaha. Alinitazama kidogo, akaniambia yamekwisha, ila nisogee, nawazibia viumbe wake mwanga.