Mfalme Hakusema Neno

Kwa miaka saba nilishona mavazi ya filamu moja. Naiita moja ingawa zilikuwa nne, kwa sababu hadithi ilikuwa ileile: mfalme, wanawe wawili, na kiti kilichogombewa mpaka watazamaji wakagombana majumbani kwao. Mwongozaji tulimwita Mwalimu, maana alifundisha shule kabla ya kushika kamera. Kila alipohojiwa redioni alisema hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho, aliiandika zamani, ipo kwenye faili la kijani ndani ya kabati la ofisi yake. "Mimi kazi yangu ni kufungua ukurasa tu," alikuwa akisema.

Tuliamini. Mwigizaji akilalamika kwamba hajui mhusika wake anaelekea wapi, tulimwambia atulie, jibu limo kwenye faili.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya ghala la vifaa: meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na kioo kirefu chenye ufa. Mwalimu alipenda kuja kukaa humo. Alijua kusikiliza yule mtu. Unaongea, ameinamisha kichwa, hakukatizi hata mara moja. Adhuhuri moja nikiwa napiga pindo la joho la mfalme, aliniuliza habari za marehemu baba. Mimi si mtu wa kumwaga siri, lakini siku hiyo maneno yalinitoka.

Nilimweleza kwamba siku baba alipofariki, mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeachiwa kumwangalia. Akachomoka kidogo kwenda kutazama mpira kwa jirani. Aliporudi, baba ameshakata roho, peke yake chumbani. Kwa hofu akamwambia mama kwamba alikuwa amemshika mkono, na kwamba baba aliacha neno: "Mwambie mama yako mikono yake ilikuwa laini siku zote." Mama alifua nguo za watu mpaka vidole vikapasuka. Aliishi na neno lile miaka kumi na moja, akiwasimulia wageni na majirani. Ukweli mdogo wangu aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha.

"Pole sana, Fundi," Mwalimu alisema. "Hili linaishia humu humu."

Filamu ya nne ilipokamilika, alinipa tiketi tatu za mchana wa Jumamosi. Sikujua kilichomo. Sisi wa mavazi hatukupewa maneno ya waigizaji, tulipewa orodha tu: nani anavaa nini, vazi limechanika wapi, lina damu au halina. Nikampeleka mama na mdogo wangu. Mama alivaa gauni lake la kwendea harusini, akakaa katikati yetu.

Karibu na mwisho, mwana mdogo wa mfalme alipiga magoti mbele ya mama yake malkia. Akasema siku mfalme alipokata roho hakuwepo kitandani kwake. Alikuwa ametoka kwenda kutazama mashindano ya mieleka. "Yale maneno niliyatunga mimi," akasema. "Kwamba mikono yako ilikuwa laini siku zote. Mfalme hakusema neno."

Ukumbi mzima ulishangilia, wengine wakifuta machozi. Nyuma yetu mtu alipiga mluzi. Mama hakugeuka kulia wala kushoto. Nilimtazama mdogo wangu juu ya kichwa cha mama, naye alikuwa ananitazama mimi.

Tulipofika nyumbani mama aliketi bila kuvua viatu.

"Ulikuwa wapi siku ile, mwanangu?"

"Kwa jirani, mama. Mpira."

"Kwa hiyo baba yako hakusema kitu."

"Sijui kama alisema. Sikuwepo."

Mama akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nikaitika kwa kichwa. Mdogo wangu akasimama. "Nilikuambia wewe tu, dada. Duniani kote, wewe tu." Akatoka. Mlango hakuubamiza, aliurudisha taratibu, na hilo ndilo lililonikata maini.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwa Mwalimu bila hodi. Hakuwa amefika. Kabati halikufungwa. Faili la kijani lilikuwa na ratiba za masomo za shule yake ya zamani na mitihani ya wanafunzi isiyosahihishwa. Juu yake palikuwa na daftari jipya. Lilikuwa limejaa sisi. Talaka ya mpiga picha. Hofu za mwigizaji mkuu. Na ukurasa mmoja: "Fundi. Mdogo wake. Mpira. Mikono laini. Kutumia!"

Alinikuta nimelishika.

"Hadithi yako iko wapi?" nilimuuliza.

Hakujaribu hata kudanganya. Alivuta kiti akaketi. "Haijawahi kuwepo, Fundi. Filamu ya kwanza ilipotoka sikuwa na wazo la ya pili. Unakumbuka lile joho lililokosa kifungo kimoja ulipoishiwa vifungo? Watazamaji wakasema ni dokezo la yajayo, nami nikaligeuza kuwa dokezo. Kila mara naanza sijui ninakokwenda."

"Ungetunga basi. Watu hutunga."

"Nilijaribu. Siku tatu kabla ya kupiga picha sikuwa na kitu. Nikakumbuka simulizi yako." Akaongeza, kama mtu anayetoa zawadi: "Hiyo ndiyo sehemu inayowaliza watu kuliko zote."

"Mama yangu hakulia," nilisema. Nikachana ukurasa wangu, nikaukunja, nikaondoka nao. Cherehani moja ilikuwa yangu. Niliibeba siku hiyohiyo.

Sasa nashona sare za wahudumu wa hoteli. Mama alimsamehe mdogo wangu kabla ya mwezi kuisha. Mimi hajanigombeza, ila hasimulii tena habari za baba. Mdogo wangu huja kumwona kila Jumapili, na ananisalimia vizuri tu, kama anavyowasalimia majirani.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nikamsikia anamweleza mama kuhusu mkewe, kwamba daktari ameona uvimbe na wanasubiri majibu. Nikaingia na sinia ya chai. Akanyamaza katikati ya neno, akaanza kuulizia bei ya mabati.

Nikaweka vikombe mezani, nikatoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu ili aweze kumalizia.