Mama wa Nani

Tangu tumzike Kijino, hakuna anayeniita Mama Kijino. Walikubaliana kimyakimya, kama watu wanaoficha kisu mbele ya mtoto. Mpiga pasi wa hapa ninaposhonea ananiita fundi. Majirani wananiita dada. Hata mume wangu, aliyekuwa akiniita jina hilo tangu nje kabla hajavua viatu, siku hizi anaanza na samahani. Samahani, maji yako wapi? Samahani, umelala?

Kijino alikuwa mwanangu wa pekee. Jino lake la kwanza liliota mbele kabisa, likakaa muda mrefu bila mwenzake, na jina likamganda. Homa ilimchukua mwaka huu huu.

Ikafika siku ya kuamkia Krismasi. Chumba cha kushonea kilijaa majoho ya kwaya. Redio ya jirani iliimba mtoto amezaliwa, mtoto amezaliwa, nami nikaikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo. Mwaka huu joho langu sikulikata. Kusali nako nilishaacha. Nikifumba macho naona giza tu, halina hata mlango.

Wifi yangu alikaa sakafuni akikunja pindo, mdomo hausimami.

"Huyu wa besi kanenepa jamani! Hili si joho, ni turubai."

"Mwenyewe anasema ni misuli," mpiga pasi akajibu.

"Misuli ya kukaa! Mama Kijino, nirushie mkasi."

Cherehani ikanyamaza. Wifi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mpiga pasi akaisahau pasi juu ya kitambaa mpaka kikaanza kunuka.

"Nisamehe wifi yangu. Ulimi umeteleza."

"Niite tena."

"Basi, wifi..."

"Nimesema niite!"

Akasema polepole, "Mama Kijino."

"Abee."

Kuitika tu, na kile nilichokibana tangu makaburini kikapasuka. Nililia vibaya, kamasi juu ya joho jeupe la watu. Wifi akanikumbatia kiunoni, naye akalia.

"Kila siku nalimeza jina lake," akasema. "Nilidhani nakuhurumia."

"Mlinivua umama, mkauita huruma."

Hakuna kilichopona pale. Kesho ingekucha, na nyumba yangu ingekuwa kimya vilevile.

"Kesho utakuja kanisani?" wifi akauliza.

"Kuimba siwezi."

"Nani kakwambia uimbe? Kaa tu."

"Na kusali siwezi. Sina la kumwambia Mungu."

"Nitasali mimi. Nitakutaja."

"Utanitaja nani?"

Safari hii hakuziba mdomo. "Mama Kijino. Kwani Yeye anakujua kwa jina gani lingine?"

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu anipitie asubuhi, na agonge kwa nguvu, maana siku hizi hodi sizisikii.